Kufundisha Kinyunya cha Shuu: Mvuke Ufanyapo Kazi ya Hamira

Mwalimu mtarajiwa apangiwapo somo la mapishi katika shule ya msingi kama zile za Makere, njia ya Kasulu kwenda Kibondo, hana budi kujiuliza: je, yafaa kutumia mayai na siagi kwa kitafunio cha kigeni? Swali hilo ni la haki. Mayai huletwa na watoto kutoka majumbani. Yakiharibika, chakula cha jamaa fulani kimepotea. Kwa hiyo somo hili lina thamani endapo tu mwanafunzi ataondoka akifahamu sababu, si utamu peke yake.

Madhumuni
Mwanafunzi aweze kueleza kwamba mvuke huumua kinyunya. Andazi huumuka kwa gesi itokayo katika hamira. Kinyunya cha shuu hakina hamira. Maji yaliyomo hugeuka mvuke, nao hutanuka zaidi ya mara 1,000 na kuacha uwazi ndani. "Shuu" ni neno la Kifaransa lenye maana ya kabeji, kwa sababu ya umbo lake.

Mahitaji
Maji kikombe 1, siagi nusu kikombe, unga wa ngano kikombe 1, chumvi kidogo, mayai 4. Mayai ya kuku wa kienyeji ni madogo, hivyo huenda yakahitajika 5.

Hatua
1. Anza na lijulikanalo. Waulize wanafunzi ugali husongwaje. Kisha chemsha maji, siagi na chumvi, mimina unga wote kwa mara moja, na songa mpaka donge liache sufuria. Joto hufanya wanga unywe maji mengi, nayo ndiyo akiba ya mvuke.
2. Epua, acha donge lipoe hadi liwe vuguvugu, yai lisije likaiva kabla ya wakati. Ongeza yai moja moja ukikoroga. Usihesabu mayai tu, tazama donge. Likianguka polepole kutoka kwenye mwiko, yatosha.
3. Pasipo na jiko la kuokea, tumia sufuria kubwa yenye mchanga mkavu, makaa chini na juu ya kifuniko. Ipashe moto kwanza. Chota madonge madogo kwa kijiko, yaachie nafasi katika sinia, uoke kwa muda wa dakika 35 hivi, hadi yawe makavu na ya rangi ya kahawia.

Jaribio
Watoto watataka kufunua. Kuwakataza bila sababu si kufundisha. Weka madonge 2 katika sufuria ya pili, nayo ifunuliwe baada ya dakika 10. Watayaona yakinywea, kwa kuwa mvuke hupoa kabla kuta za yai na unga hazijakauka. Yarudishwe motoni yaive, yaliwe, chakula kisitupwe. Ndivyo kosa lililopangwa kwa madonge 2 liokoavyo sinia zima.

Kujaza
Chemsha maziwa nusu lita, sukari vijiko vikubwa 4 na wanga wa mahindi vijiko vikubwa 4, ukikoroga hadi uzito. Krimu ikipoa, toboa vijikeki na kuvijaza. Viliwe siku hiyo hiyo, maana krimu ya maziwa huharibika upesi pasipo barafu.

Mwalimu asiwe mpishi huku darasa zima likiwa watazamaji. Kundi moja lisonge, la pili likoroge, la tatu litunze moto na saa, na kila kundi liandike liliyoyaona.

Maswali
1. Kwa nini donge lipoe kabla ya kutiwa mayai?
2. Katika mwinuko wa mita 1,200 maji huchemka karibu nyuzi 96 za Sentigredi. Utalihusishaje jambo hili na somo la sayansi?
3. Tunga somo lenye kanuni hiyo hiyo ya mvuke kwa kutumia chakula cha kijijini kwako.