Dar hadi Newala kwa Gari la Abiria: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Safari hii ni ya siku tisa: Dar es Salaam, Kilwa Masoko, Lindi, Mikindani, Newala, kisha kurudi Dar kupitia Mtwara. Hutakodi gari. Wageni wengi wakishuka uwanja wa ndege huelekea Zanzibar au Serengeti, kwa hiyo kusini utasafiri na wenyeji, na ratiba utakayoifuata ni yao. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukifanya hatua ya 6 kabla ya ya 5, utairudia.

Vifaa: daftari moja, kalamu mbili, bahasha sita, simu yenye laini ya kutuma na kupokea pesa, betri ya akiba ya simu, tochi, chandarua, sweta moja, chupa ya maji ya lita 1.5, pakiti nne za ORS, na begi moja la mgongoni lisilozidi kilo 10. Begi likizidi hapo litaishia kwenye buti au juu ya keria, nawe utasafiri ukiliwazia.

Istilahi tano zitatumika humu, kila moja kwa maana moja tu. Kipande ni mwendo kutoka ulipolala hadi utakapolala. Njia panda ni mahali unapobadili gari katikati ya kipande. Gari la ratiba huondoka saa yake hata likiwa na siti tupu. Gari la kujaza huondoka likijaa, si kabla. Gari la mwisho ni lile ambalo likikupita, utalala hapo ulipo.

1. Chagua mwezi. Lindi na Mtwara zina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Mei. Safiri kati ya Juni na Oktoba. Usilichukulie hili kama suala la kulowa tu. Mwaka 2024 mvua za msimu, pamoja na kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa Mei, zilikata barabara ya Dar hadi Lindi eneo la Somanga na kwingineko. Aliyetaka kwenda Mtwara kwa gari alibaki na njia ya kuzungukia Songea.
*Kagua:* wiki moja kabla ya safari, mpigie simu mtu aliyeko Kilwa au Lindi, umuulize kama magari ya Dar yanafika kwa wakati.

2. Chora mstari wa njia. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, andika kutoka juu kwenda chini: Mbagala, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa, Somanga, Nangurukuru, Mbwemkuru, Lindi, Mingoyo, Mikindani, Mtwara. Zungushia duara Nangurukuru (njia panda ya Kilwa Masoko) na Mingoyo, ambayo makondakta wengi huiita Mnazi Mmoja (njia panda ya Masasi). Andika majina yote mawili ya Mingoyo, maana huwezi kujua konda wako atalitumia lipi. Dar hadi Lindi ni takriban kilomita 450. Hadi Mtwara, takriban 560.

3. Panga mahali pa kulala kabla ya kupanga magari.
Jumatatu: Dar hadi Kilwa Masoko.
Jumanne: Kilwa Kisiwani, kurudi kulala Masoko.
Jumatano: Masoko hadi Lindi.
Alhamisi: Lindi hadi Mikindani.
Ijumaa: Mikindani hadi Newala.
Jumamosi: Newala.
Jumapili: Newala hadi Mtwara.
Jumatatu: siku ya akiba, Mtwara.
Jumanne: Mtwara hadi Dar.

Usianze Ijumaa. Kibali cha kwenda Kisiwani hutolewa ofisini (hatua ya 11), na ofisi ni ya siku za kazi. Siku ya akiba nayo usiisogeze katikati. Ikikaa mwishoni inaziba pengo la kipande chochote kilichochelewa. Ukiila mapema, haipo tena.
*Kagua:* vipande ni sita. Ukihesabu saba, umeingiza mashua ya Kisiwani. Iondoe.

4. Ulizia gari la mwisho la kila kipande. Hatua hii ndiyo inayobeba mipango yote, na ndiyo watu huiruka. Msafiri huuliza "gari linaondoka saa ngapi?" Swali hilo halitoshi. Uliza: "Gari la mwisho la kwenda huko ni saa ngapi, na likinipita nafanyaje?"

Waulize watu watatu wasiokaa pamoja: wakala wa tiketi, bodaboda wa stendi, na mama lishe. Majibu mawili yakilingana, andika. Yote yakitofautiana, andika la mapema zaidi. Mpiga debe usimhesabu. Kwake kila gari linaondoka sasa hivi. Mama lishe ndiye shahidi bora, kwa sababu hauzi siti, na anajua sufuria ya mwisho huisha gari gani likishaondoka.

Andika pia kama ni gari la ratiba au la kujaza. Mabasi ya Dar ni ya ratiba. Noah, Hiace na magari mengi ya kutoka njia panda ni ya kujaza.

5. Hesabu kurudi nyuma. Anzia gari la mwisho, si saa ya kuamka. Tuseme umeambiwa gari la mwisho kutoka Nangurukuru kwenda Masoko ni saa 12 jioni. Toa saa mbili za tahadhari: uwe Nangurukuru saa 10 jioni. Tuseme basi huchukua saa sita kutoka Mbagala hadi hapo: toa sita, unapata saa 4 asubuhi. Hiyo ndiyo saa ya mwisho kabisa ya kuondoka Dar. Basi lolote la kabla ya hapo linafaa. La baada ya hapo usilipande, hata likiwa na kiyoyozi.
Rudia hesabu hii kwa vipande vyote sita, kila kimoja kwenye ukurasa wake.

6. Badili saa zote ziwe za mfumo mmoja. Tiketi za kompyuta huandika saa za kimataifa. Mdomo husema saa za Kiswahili. Tiketi za mkono huandika yoyote kati ya hizo. Niliwahi kukatiwa tiketi ya mkono iliyoandikwa "11:00". Nikafika stendi saa 4 na nusu asubuhi nikiwa na chai yangu mkononi, nikijiona mtu wa kuwahi. Basi lilikuwa limeondoka saa 11 alfajiri, na siti yangu ilishavuka Rufiji.

Tumia kanuni hii. Saa ya kimataifa ikiwa 1 hadi 6, ongeza 6. Ikiwa 7 hadi 18, toa 6. Ikiwa 19 hadi 24, toa 18. Hivyo 05:00 ni saa 11 alfajiri, 14:00 ni saa 8 mchana, 21:00 ni saa 3 usiku.

Siku nayo ina mtego wake. Kwa wengi wa pwani, "usiku wa Jumamosi" ni ule unaoamkia Jumamosi. Kwa wengine ni ule unaofuata mchana wa Jumamosi. Kwa gari lolote linaloondoka baada ya jua kuzama na kabla halijachomoza, usitaje jina la siku peke yake. Taja tarehe.
*Kagua:* msomee wakala kwa sauti: "Naondoka tarehe fulani, saa 11 alfajiri, kabla jua halijachomoza." Subiri aseme ndiyo.

7. Kata tiketi ya kipande cha kwanza na cha mwisho tu. Vya katikati hukatwa mahali pake. Kata siku mbili kabla, kwenye ofisi ya basi au kwa njia ya mtandao, si kwa mtu anayekufuata kituoni. Linganisha nauli na ile iliyoidhinishwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Magari ya kusini huchukua abiria kwenye zaidi ya kituo kimoja jijini, kwa hiyo tiketi ionyeshe unapandia wapi; "Dar" peke yake si kituo.

Chagua siti ya kushoto, dirishani. Unaelekea kusini, jua la asubuhi linatoka mashariki. Anayekaa kulia anakaa kivulini. Hata hivyo nakwambia kushoto, kwa sababu jua hilo litakuwa limepanda juu ya paa kufikia katikati ya asubuhi, na mlango uko kushoto: Nangurukuru utashuka katikati ya safari wakati wengine hawashuki. Kama ngozi yako haivumilii jua, chagua kulia, ukubali kuruka magoti ya watu.
*Kagua kwenye tiketi:* jina, tarehe, saa, kituo cha kupandia, namba ya siti, kiasi ulicholipa.

8. Gawanya fedha. Kila bahasha iandike namba ya kipande. Weka nauli ya kipande hicho na theluthi moja juu yake, kwa noti za 1,000, 2,000 na 5,000. Konda wa Noah hana chenji ya 10,000 saa 1 asubuhi. Fedha ya vyumba na chakula ibaki kwenye simu, uitoe kwa wakala mjini: Masoko, Lindi, Mtwara na Newala.

9. Panda. Fika dakika 45 kabla. Andika namba ya usajili wa basi kabla ya kuingia. Begi likiingia kwenye buti, likague likiingia, na uangalie buti kila linapofunguliwa njiani. Kunywa maji kidogo kidogo. Basi husimama watu wachimbe dawa, lakini ni kwa matakwa ya dereva, si kwa matakwa ya kibofu.

Fuatilia kwenye mstari wa hatua ya 2, ukiweka saa mbele ya kila jina unalopita. Ukipita Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, mwambie konda: "Nashuka Nangurukuru." Usimwambie mapema zaidi, atasahau. Utazame mto Rufiji vizuri. Upande wa kusini wa daraja kuna Mohoro, alikonyongwa mganga Kinjikitile Ngwale Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza.
*Kagua:* ukipita Somanga, vaa viatu, funga begi, mkumbushe konda.

10. Badili gari Nangurukuru. Hapa utakutana na gari la kujaza, na unahitaji kulisoma. Injini kuunguruma si dalili ya kuondoka. Gari kusogea mita mbili mbele na kurudi si dalili ya kuondoka. Hesabu siti tupu, kisha watazame waliokaa. Kijana asiye na mzigo, aliyekaa karibu na mlango, anayezungumza na konda kwa jina, huenda si abiria. Ataamka wewe ukishakaa, siti iwe tupu tena. Ingia gari lenye watu wenye vikapu, mifuko ya unga na watoto waliolala.
Lipa gari likishaanza mwendo, si kabla.

11. Chukua kibali, kisha vuka. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Kibali hutolewa Kilwa Masoko. Ukivuka bila hicho utarudishwa. Kichukue siku hiyohiyo unayofika kama ofisi ingali wazi, la sivyo kiwe kazi ya kwanza Jumanne asubuhi.

Muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi. Kati ya kujaa na kupwa hupita takriban saa sita na dakika kumi na mbili, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa mbali sana: utatembea kwenye tope hadi magotini ukibeba viatu. Kubaliana bei ya kwenda na kurudi, na saa ya kurudi, kabla ya kupanda. Kisiwani tenga saa tatu. Anza na Msikiti Mkuu, umalize na Husuni Kubwa, ambako ni kutembea zaidi.

12. Endelea hadi Lindi na Mikindani. Vipande hivi viwili ni vyepesi. Ondoka Masoko asubuhi. Ukikosa gari la moja kwa moja, rudi Nangurukuru ungoje basi la Lindi. Kutoka Lindi panda gari la Mtwara, ushuke Mikindani, takriban kilomita 10 kabla ya mwisho. Usipomwambia konda atakupitiliza.

13. Panda Newala. Shuka kwanza kwa daladala hadi stendi ya Mtwara. Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi ni kilomita 210; ulizia sehemu zipi zina lami na zipi ziko kwenye matengenezo, kisha ongeza saa mbili kwenye jibu utakalopewa. Kumbuka desturi ya magari ya wilayani: hulala huko juu, hushuka mjini alfajiri na kupanda mchana. Kwa hiyo Ijumaa usihangaike kuwahi, ila Jumapili ya kurudi uwe stendi ya Newala kabla ya mapambazuko.

Siku ya kufika, nenda stendi jioni uweke nafasi ya Jumapili. Jumamosi nenda Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, bonde la Ruvuma likiwa chini yako. Beba sweta.

14. Rudi Dar. Siku ya akiba ikiwa haijatumika, zunguka Mtwara. Jioni yake thibitisha tiketi kwa kurudia hatua ya 6 neno kwa neno. Hesabu ya siti igeuze: unaelekea kaskazini, mashariki iko kulia, na safari hii hushuki njiani. Kaa kushoto tena. Mlango uko palepale, kivuli cha asubuhi kimehamia upande wako.