Kufundisha Kutu: Kutoka Mabati ya Soweto hadi Aloi za Zirikoniamu

Katika mazoezi ya kufundisha tumeisikia mara nyingi sentensi hii: "Chuma hushika kutu, alumini haiharibiki." Mwalimu-mwanafunzi huiandika ubaoni, watoto huinakili, somo likaisha. Mwaka mmoja, katika darasa la sita hapa Mbeya, mtoto alinyoosha mkono akauliza mbona sufuria ya mama yake huwa nyeusi ndani akipika maharage kwa magadi. Mwalimu-mwanafunzi alijibu kwamba ni moshi. "Moshi uliingiaje ndani, mwalimu?" Sisi tuliokuwa tumeketi nyuma na fomu ya tathmini tuliinamisha vichwa, kwa kuwa sentensi ile aliipata kwetu chuoni.

Ukweli ni kwamba alumini hushambuliwa na oksijeni upesi kuliko chuma. Lakini mara ishambuliwapo hujivika utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, unaoigandama metali na kuizuia hewa isipenye zaidi. Kutu ya chuma haina tabia hiyo. Ina vitundu, hubanduka, na chini yake chuma kipya huliwa tena. Magadi huuyeyusha utando wa alumini, ndipo sufuria huharibika. Basi mwalimu afundishe habari za utando, na orodha ya metali "nzuri" na "mbaya" aiache.

Zana zapatikana bila gharama kubwa. Wapelekeni watoto watazame mapaa ya zamani ya mtaa wa Soweto kabla hamjasema neno lolote. Wataona kwamba wekundu huanzia mara nyingi penye matundu ya misumari na mabati yanapolaliana, mahali maji yanapokawia. Bati ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki huliwa kwanza na kukikinga chuma hata palipokwaruzwa kidogo, mpaka itakapokwisha. Darasani tayarisheni chupa tatu, kila moja na msumari usiopakwa zinki: ya kwanza kavu kabisa na kufungwa, ya pili na maji yasiyoufunika msumari wote, ya tatu na maji yaliyochemshwa, yaliyojaa na kufunikwa kwa mafuta ya kula. Msumari wa pili ndio utakaoshika kutu upesi, maana umepata maji na hewa kwa pamoja.

Mtoto aliyeuliza habari za magadi atauliza pia kama ipo metali yenye utando imara zaidi. Ipo, nayo ni zirikoniamu. Madini yake, zirikoni, hupatikana katika mchanga. Huko Kwale, pwani ya Kenya, yalichimbwa pamoja na madini ya titani hadi mwisho wa mwaka 2024. Kuipata metali yenyewe ni kazi ngumu. Madini hugeuzwa kuwa kloridi, kisha kloridi hiyo hupashwa moto pamoja na magnesi katika chombo kisichoingiza hewa, kwa sababu zirikoniamu yenye moto hufyonza oksijeni na naitrojeni ikawa kavu ya kuvunjika. Aloi inayotumika katika vinu vya nyuklia huwa na takriban sehemu 98 kwa 100 za zirikoniamu, na bati jeupe, chuma na kromi kwa uchache. Hafini, ambayo huandamana nayo katika madini, hutolewa, maana humeza nyutroni ambazo zirikoniamu huziacha zipite. Mabomba ya aloi hiyo hubeba fueli ya urani ndani ya maji ya nyuzi kama 300 za Selsiasi kwa miaka kadhaa, yakilindwa na utando wao.

Hata hivyo msiseme kwamba haiharibiki! Mwaka 2011 huko Fukushima, Japani, upoozaji ulipokatika, mabomba yalipata moto kupita kiasi, yakashambuliwa na mvuke na kutoa haidrojeni iliyolipua majengo.

Chupa zitayarishwe Jumatatu, na zikae mahali watoto wote wazionapo. Kufikia Ijumaa msumari wa pili utakuwa na la kuonyesha. Wakati huo ndipo sufuria kuukuu na magadi viletwe darasani.