Dondoo muhimu: Kuuza fulana za kuchapwa mtandaoni ukiwa Tanga

Huhitaji fremu Ngamiani. Simu, mchapaji mwaminifu na ukurasa wa Instagram vinatosha kuanzia.

• Anza na nyeusi na nyeupe tu. Wengi huzika mtaji kwenye rangi zisizouzika.
• Chagua pamba. Kwa joto na unyevu wa Tanga, poliesta hugandia mgongoni.
• Fua sampuli mara tatu kwa sabuni ya unga, anika juani, kisha vuta maandishi. Yakipasuka, tafuta mchapaji mwingine.
• Usichape nembo ya Coastal Union, Simba wala Yanga bila idhini ya klabu. Chora chako: mkonge, ngalawa, mapango ya Amboni.
• Andika upana wa kifua kwa sentimita. “L” ya kiwanda hiki ni “M” ya kile.
• Mteja athibitishe tahajia kwa ujumbe kabla hujachapa. Jina la bibi harusi likikosewa, fulana za kamati nzima zinakudodea.
• Chukua malipo ya awali. Angalia salio lako mwenyewe, usiamini picha ya muamala.
• Mzigo wa Dar peleka stendi ya Kange, dai risiti, mtumie mteja picha ya risiti hiyo.
• Jina la biashara lisajili BRELA, TIN chukua TRA.