Kushirikiana Kufufua Maduka

Ndugu zetu wa Nyeri watuuliza: yajuzu kuchanga mali, tununue jumba la maduka lililodorora, tulitengeneze kisha tulikodishe? Twasema: yajuzu. Lakini hasara i karibu. Nakumatt ilipoanguka, 2017 hadi 2020, wenye majumba waliondokewa na mpangaji mkubwa ghafula. Katika madhehebu yetu ya Shafii, faida na hasara ya shirika hugawanywa kwa kadiri ya mali ya kila mshirika. Basi aliyedhaminiwa fedha maalumu kila mwezi, maduka yapangwe yasipangwe, huyo ni mkopeshaji, na ziada yake ni riba, hata ikiitwa faida. Wala muuza pombe asikodishwe, ajapotoa kodi maradufu (na hao ndio hutoa). Hesabuni paa, mabomba na miezi mitupu, muandikiane, ndipo mchange.