Kumfundisha Mtoto Kutumia Poti Bila Fimbo



Katika somo la mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo linalotokea katika kila nyumba yenye mtoto mdogo, lakini ni nadra kulisikia likifundishwa: namna ya kumzoeza mtoto kwenda haja mahali panapofaa. Huenda wengine watacheka. Hata hivyo, jambo hili dogo limewaletea watoto wengi viboko, na wengine limewaletea maradhi.

Tuchukue mfano wa mama mmoja, tumwite Mama Anna. Mtoto wake ana miaka miwili na nusu. Siku moja mtoto alijisaidia mkekani mbele ya wageni. Mama akaona aibu, akamchapa. Tangu siku hiyo mtoto akisikia haja hujificha nyuma ya mlango na kujibana. Siku tatu zinapita bila kupata choo. Kinapotoka ni kigumu, kinamuumiza, naye anazidi kuogopa. Baada ya muda nguo yake inaanza kuchafuka kwa kinyesi chepesi, mara kwa mara. Mama anafikiri mtoto amekuwa mkaidi, anamchapa tena.

Mama Anna si mama mbaya. Hajui tu kinachotokea tumboni mwa mtoto wake. Mtoto anapojizuia, utumbo mpana huendelea kufyonza maji yaliyomo katika kinyesi, nacho huwa kikubwa na kigumu. Utumbo hutanuka, na mtoto hupoteza uwezo wa kuhisi haja vizuri. Kisha kinyesi laini kilicho nyuma yake hupenya pembeni na kuvuja bila yeye kujua. Mtoto huyu hafanyi makusudi. Anaumwa, na fimbo imechangia ugonjwa wake.

AANZE LINI?

Wazazi wengi hutuuliza swali hili. Jibu ni kwamba hakuna umri mmoja kwa watoto wote. Mwaka 1977 watafiti wawili, Marten na Rachel deVries, waliandika juu ya Wadigo wa pwani ya Afrika Mashariki. Mama wa Kidigo alianza kumzoeza mtoto tangu wiki za kwanza. Aliketi chini, akanyoosha miguu, akamweka mtoto katikati ya miguu yake na kutoa sauti ya "shuuu". Mtoto akikojoa, alibembelezwa. Kwa njia hiyo watoto walikuwa wakavu mchana na usiku wakiwa na miezi 5 au 6. Bibi zetu wengi wanaifahamu njia ya namna hiyo.

Huko Marekani, daktari wa watoto T. Berry Brazelton aliandika mwaka 1962 juu ya watoto 1,170. Yeye alishauri kumsubiri mtoto mwenyewe aonyeshe kuwa yuko tayari. Kwa wastani watoto hao waliweza kukaa wakavu mchana wakiwa na miezi 28 na nusu.

Njia hizi mbili zinapishana sana kwa umri, lakini zinakutana mahali pamoja: zote mbili hutumia upole. Basi mzazi asishindane na jirani kwa kusema, "Mbona wa kwake ameshajua?"

Kwa mtoto aliyekwisha kutembea, dalili za kuwa tayari huonekana mara nyingi kati ya miezi 18 na miaka 3. Anakaa mkavu kwa muda wa saa mbili hivi. Anaweza kuchuchumaa na kusimama. Anaelewa maagizo mafupi. Anachukia nguo iliyolowa, na anaonyesha kwa neno au kwa uso kwamba haja imemjia.

NAMNA YA KUMFUNDISHA

1. Tafuteni poti iliyo imara, ambayo mtoto akiikalia nyayo zake zinafika chini. Asiye na uwezo wa kununua anaweza kutumia chombo cha plastiki kisicho na kingo kali. Chombo hicho kisitumike tena kwa kazi nyingine.

2. Mkalisheni asubuhi anapoamka na kila baada ya chakula. Chakula kikiingia tumboni, utumbo huamka na kusukuma kinyesi. Dakika tano zinatosha. Asifungiwe wala asilazimishwe kukaa.

3. Mvalisheni nguo nyepesi kuvua. Kaptula yenye vifungo humchelewesha.

4. Akifaulu, msifuni. Akikosea, msafisheni kwa utulivu na kumwambia, "Siku nyingine tutakwenda kwenye poti." Msimtukane, wala msimcheke.

5. Baba, mama, bibi na dada wa nyumbani wafuate utaratibu mmoja. Mama akibembeleza na baba akichapa, mtoto huchanganyikiwa.

6. Msimpeleke mtoto mdogo peke yake kwenye choo cha shimo. Giza na tundu kubwa humtia hofu, na hofu hiyo ina sababu, kwani anaweza kutumbukia. Tundu lifunikwe kila wakati.

Choo kikiwa kigumu, mpeni maji ya kutosha, papai, mboga za majani na uji wa dona. Hali ikiendelea, mpelekeni zahanati apewe dawa ya kulainisha choo. Pumzisheni mafunzo ya poti kwa wiki chache, mpaka maumivu yaishe.

KINYESI CHA MTOTO NI HATARI PIA

Wako wanaosema kwamba kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara. Hilo si kweli. Kinaweza kubeba vijidudu vya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo, pamoja na mayai ya minyoo. Msikitupe kichakani wala jalalani. Kitupeni chooni, na maji ya kuoshea poti yamwagwe humo humo. Mtoto wa kike apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu usiingie kwenye njia ya mkojo. Kisha mzazi na mtoto wanawe mikono kwa maji na sabuni. Sabuni ikikosekana, jivu litasaidia.

JUU YA KUKOJOA KITANDANI

Kukaa mkavu usiku huchelewa kuliko mchana. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayekojoa kitandani hana kosa, na wako wengi wanaopita umri huo. Mara nyingi baba au mama naye alikuwa hivyo utotoni. Kumtwisha godoro mbele ya majirani au kumwita kikojozi hakumponyi, kunamvunja moyo tu. Aende haja kabla ya kulala, na godoro lifunikwe kwa plastiki chini ya shuka.

LINI TUMWONE MGANGA?

Mpelekeni mtoto kwenye kituo cha afya akilia anapokojoa, akitoa damu, tumbo likijaa bila kupata choo, au akifika miaka minne hajaweza kukaa mkavu mchana. Akinywa maji mengi kupita kawaida na kukojoa sana, apelekwe siku hiyo hiyo, kwani yawezekana ni kisukari. Mtoto aliyekwisha kuzoea, kisha ghafla akaanza tena kujichafua, aulizwe kwa upole. Huenda ni mgonjwa, huenda amepata mdogo wake, au huenda kuna mtu anayemwonea.

Ndugu wazazi, Mtume Paulo aliwaonya akina baba wasiwavunje moyo watoto wao (taz. Kol 3:21). Onyo hilo linafika hata kwenye poti. Mama Anna anaweza kuanza upya leo: aiweke fimbo kando, ampeleke mtoto zahanati, na amkalishe kwenye poti bila hasira. Mtoto atahitaji wiki kadhaa, pengine miezi, mpaka aamini tena kwamba hatapigwa.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya:

1. Bibi zetu waliwazoezaje watoto kwenda haja? Ni lipi jema la kurudia?

2. Katika nyumba zetu kinyesi cha watoto hutupwa wapi?

3. Tumsaidieje mzazi anayemchapa mtoto kwa sababu ya kujichafua?

Tukutane tena mwezi ujao. Mungu azibariki familia zenu.