Usikubali Kuambiwa "Atazoea": Namna ya Kuhakiki Miwani ya Mtoto Asiyeona Mbali

"Mama, mtoto atazoea tu." Ndivyo alivyoniambia muuza miwani mmoja wa Kariakoo, huku binti yangu wa darasa la nne akilia kwamba bango la ng'ambo ya barabara limefifia kuliko kabla hajavaa miwani. Kinyongo hakijaniisha. Ndiyo maana naandika hatua tatu ambazo kila mzazi anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni kugundua. Mtoto asiyeona mbali hukunja macho akitazama ubaoni, husogelea televisheni na kunakili kwa jirani. Mara nyingi hasemi, maana anadhani kila mtu anaona hivyo. Wangu kitabu alikisoma bila shida, lakini kituoni alikuwa akiniuliza, "Mama, hiyo ya Mbagala au ya Gongo la Mboto?" na daladala imeshafika karibu. Shuleni wakamwita mzembe. Kumbe jicho lake limerefuka kupita kiasi, kwa hiyo picha ya vitu vya mbali inatua mbele ya retina badala ya kutua juu yake.

Ya pili ni kupimwa na mtaalamu wa macho. Omba mtoto atiwe matone ya kulegeza misuli ya jicho, kwa sababu bila hayo jicho la mtoto hujikaza na namba inaweza kutoka kubwa kuliko ilivyo. Binti yangu aliandikiwa -2.00 macho yote mawili. Tukaenda dukani, tukachagua fremu ya zambarau aliyoipenda, nikalipa. Tuliporudi kuichukua ndipo nikaambiwa atazoea. Nilipobisha, muuzaji akasema basi atampunguzia namba ili macho "yasizoee miwani". Maneno hayo yanawaumiza watoto wengi. Utafiti uliofanyika Malaysia na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa watoto waliopewa namba pungufu macho yao yaliharibika haraka zaidi kuliko ya waliopewa namba kamili. Ni kweli miwani mipya inaweza kumfanya mtoto aone sakafu imepinda siku za mwanzo, lakini mbali panatakiwa pang'ae pale pale.

Nikarudi kwa mtaalamu aliyempima, naye akanifundisha jambo ambalo sasa namfundisha kila mzazi. Shika miwani kiasi cha shibiri moja mbele ya jicho, fumba jicho la pili, kisha tazama fremu ya mlango ulio mbali kupitia lenzi moja. Sogeza miwani taratibu kulia na kushoto. Lenzi ya kutoa, yaani ya asiyeona mbali, huifanya fremu ya mlango ionekane ikienda upande uleule unaokwenda mkono wako. Lenzi ya kujumlisha huipeleka upande wa pili. Ya binti yangu ilikwenda upande wa pili! Walikuwa wamemtengenezea +2.00.

Kuna zaidi. Miwani ya kusomea inayouzwa mezani barabarani huwa imebandikwa namba: +1.00, +1.50, +2.00. Ile ni ya watu waliovuka miaka 40 hivi wasioona karibu. Usimvishe mtoto asiyeona mbali. Lakini kwa kuhakiki ni dhahabu. Gusanisha lenzi ya +2.00 na lenzi ya mtoto ya -2.00, kisha sogeza zote pamoja. Zikilingana, mlango hautikisiki kabisa. Mlango ukiendelea kufuata mkono, namba ya mtoto imezidi. Ukienda kinyume, imepungua. Kama cheti kina namba ya pili pamoja na nyuzi, hiyo ni astigimatizimu, na hapo mwachie mtaalamu.

Nikarudi dukani, nikapima mbele ya wateja wote. Muuzaji hakuwa na la kusema. Lenzi zikatengenezwa upya bila malipo, nami nikazihakiki kwa +2.00 kabla ya kutoka. Mlango ulitulia tuli. Binti yangu akatoka nje akaanza kunisomea mabango, mpaka namba za simu za mafundi.

Hatua ya tatu ni kupunguza kasi ya namba kupanda. Mtoe mtoto nje acheze kama saa mbili kila siku mchana, na muulize daktari wa macho kuhusu matone hafifu ya atropini. Karoti haziondoi tatizo hili, na lenzi za "kuzuia mwanga wa bluu" zisikuongezee bei.

Mtu mzima ambaye ghafla haoni mbali apime sukari kwanza, kwani ikipanda hubadili namba ya jicho. Na yeyote anayeona vimulimuli, vidoa vingi vipya au pazia jeusi pembeni asiende dukani kabisa. Aende hospitali siku hiyohiyo, hasa aliyefikia -6.00, kwa sababu retina yake iko katika hatari kubwa zaidi ya kubanduka.