PASIPOTI HAIANZII NAIROBI

Somo letu safari hii si la ngeli wala la insha. Ni somo la karatasi. Hebu fikirini: mwanafunzi wa hapa Kipsing anaalikwa kwenye mashindano ya riadha mjini Arusha, au anapata nafasi ya masomo ng'ambo. Barua imefika leo na safari ni baada ya wiki tatu. Kijiji kizima kinashangilia. Kisha anaulizwa swali moja tu: "Cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi?" Shangwe yote inakatika hapo.

Wengi wetu hudhani kwamba pasipoti huanzia Nairobi, kule Nyayo House. La hasha! Huanzia nyumbani ulikozaliwa. Stakabadhi zimefungamana kama mnyororo, pete kwa pete. Tuzitazame moja moja.

1. Cheti cha kuzaliwa
Mtoto akizaliwa hospitalini, wauguzi ndio hutoa taarifa ya uzazi. Akizaliwa manyattani, ni kazi ya mzazi kumwarifu naibu wa chifu. Sheria inatoa miezi 6. Muda huo ukipita, usajili huitwa wa kuchelewa, na hapo stakabadhi za kuthibitisha huongezeka: kadi ya kliniki, barua ya shule, vitambulisho vya wazazi na kadhalika. Wazee wetu huhesabu miaka kwa ukame na mvua, na kumbukumbu zao ni nzuri, lakini karani anataka tarehe. Kwa hivyo muulize mama mapema, naye angali anakumbuka.

2. Kitambulisho
Ukitimiza miaka 18 unaomba kitambulisho cha kitaifa. Sisi wa kaskazini tunajua kwamba kwa miaka mingi vijana wengi wa sehemu hizi walipigwa msasa zaidi ya wenzao wa kwingineko, wakikaa mbele ya kamati za wazee kuthibitisha Ukenya wao. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kuondoa msasa huo wa ziada. Ni jambo la heri. Hata hivyo, tamko halimwandikii mtu cheti. Bado ni lazima uende mwenyewe na karatasi zako.

3. Pasipoti
Maombi hufanywa kwenye mtandao wa serikali uitwao eCitizen. Asiye na kompyuta atasaidiwa saiba mjini Isiolo. Unajaza fomu, unalipa, unaichapisha, kisha unachukua siku ya kwenda mwenyewe kupigwa picha na alama za vidole. Hapo hakuna kumtuma binamu! Ofisi ziko Nairobi, na pia katika miji kama Embu, Mombasa, Kisumu na Eldoret. Tangu 2024 ada ya pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500. Hiyo si pesa kidogo, tena nauli haijahesabiwa. Aliye chini ya miaka 18 huhitaji idhini ya mzazi au mlezi pamoja na kitambulisho chake. Mzazi akiwa amehama na mifugo, utamtafuta wapi kwa siku mbili?

4. Mengineyo
Tangu 2014, Mkenya mwenye kitambulisho cha kitaifa anaweza kuingia Uganda na Rwanda bila pasipoti. Tanzania haikuwamo katika mpango huo, basi wa Arusha ajitayarishe. Kuna pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hivyo ukichanjwa leo na kusafiri kesho, ni kazi bure. Jambo la kutia moyo ni kwamba tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha maisha yote. Mwenye pasipoti ya zamani naye asome tarehe ya mwisho, maana nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi 6 iliyobaki.

Sasa tuje kwenye ufa unaobomoa nyumba: majina. Tuseme kijana ni Lemaiyan katika cheti cha kuzaliwa, Lemayan katika cheti cha mtihani na Lemaian katika kitambulisho. Nyumbani huyo ni mtu mmoja. Ofisini ni watu watatu! Kosa la herufi moja katika karatasi ya kwanza hufuata zote zinazokuja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Soma kila karatasi papo hapo kabla hujaondoka dirishani.

Wako watakaosema, "Mimi siendi popote, ya nini taabu hii?" Ndugu zangu, wakati wa ukoloni sehemu hii ya kaskazini ilikuwa wilaya iliyofungwa, na Isiolo ndiyo iliyokuwa makao makuu yake. Mtu alihitaji pasi ya serikali kutoka au kuingia, ndani ya nchi yake mwenyewe. Babu zetu walizuiwa njiani kwa kukosa karatasi ambayo hawakuweza kujiandikia. Sisi karatasi zetu tunaweza kuziomba. Tukizuiwa leo kwa uvivu, tutamlaumu nani?

Basi likizo hii fanya mambo matatu. Kwanza, uliza cheti chako kiko wapi, ukishike kwa mkono wako. Pili, linganisha majina na tarehe katika kila karatasi uliyo nayo. Tatu, toa nakala, kisha uzitie zile halisi katika mfuko wa plastiki na kuziweka sandukuni, kwani mvua na mchwa havisomi. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Maswali ya kujipima
(a) Kwa nini mwandishi anazifananisha stakabadhi na mnyororo?
(b) Eleza maana ya: idhini, kupigwa msasa, stakabadhi, nakala.
(c) Mwandikie naibu wa chifu barua rasmi ukimwomba akusaidie kupata cheti cha kuzaliwa cha mdogo wako aliyezaliwa nyumbani.